Maswali ya Wasomaji: Antioksidanti na Figo Zinazopitishwa Dawa Kali

Katika toleo lililopita tulitaja dawa zinazojulikana kuumiza figo: gentamisini (antibayotiki), sisplatini (ya saratani), amfoterisini B (ya fangasi), tenofoviri (ya VVU), na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Barua nyingi zilizokuja zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: je, antioksidanti kama vitamini C, vitamini E, NAC (N-asetilisisteini) au manjano ya vidonge vinaweza kuikinga figo? Tumechagua barua sita. Majibu ni ya daktari wa figo na mfamasia wa hospitali.

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68 na kilo 48. Amelazwa kwa maambukizi makali ya njia ya mkojo, anachomwa gentamisini mara moja kwa siku, na leo ni siku ya nne. Kaka yangu amesoma kwamba panya waliopewa vitamini C na E pamoja na gentamisini hawakuharibika figo, akanunua vidonge. Tumpe? Kreatinini yake ilikuwa 0.7 alipolazwa, jana ikawa 1.1. Zote mbili zimeandikwa ni za kawaida.

Marahaba, mwanangu. Vidonge viwekeni kando. Nendeni wodini leo, kabla ya sindano inayofuata, mkamwambie daktari wa zamu kwamba kreatinini imetoka 0.7 hadi 1.1 ndani ya siku nne.

Kila namba ikiwa peke yake imo ndani ya mipaka ya maabara, ndiyo maana karatasi haikuwekewa alama. Lakini kreatinini ni taka ya damu ambayo figo huisafisha, na figo husomwa kwa mwendo wa namba. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 unasema figo imepata jeraha la ghafla kreatinini ikipanda kwa 0.3 mg/dL ndani ya saa 48, au ikifika mara 1.5 ya ilivyokuwa ndani ya siku 7. Gawanyeni 1.1 kwa 0.7, mtapata karibu 1.6. Mama ameshavuka mstari.

Kuna na hesabu ya uchujaji, yaani figo husafisha damu kiasi gani kwa dakika, ile ya Cockcroft-Gault. Toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito, kisha gawanya kwa kreatinini iliyozidishwa kwa 72. Kwa mwanamke, zidisha tena kwa 0.85. Kwa mama: 140 kutoa 68 ni 72, mara 48 ni 3,456, gawanya kwa 79.2 upate 43.6, mara 0.85 ni 37 ml kwa dakika. Alipolazwa alikuwa na 58. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kilo 70 na kreatinini hiyo hiyo ya 1.1 angepata zaidi ya 100. Tena hesabu hii bado inampendelea mama, kwa sababu kreatinini ikiwa ingali inapanda, uchujaji halisi uko chini ya fomula inavyosema.

Msitulizwe na mkojo kutoka vizuri. Jeraha la gentamisini mara nyingi halikaushi mkojo. Mgonjwa anakojoa kama kawaida huku figo inashindwa kusafisha. Kwa kawaida huanza kuonekana siku ya tano hadi ya saba, lakini mwenye umri mkubwa, aliyepungukiwa maji au anayepewa antibayotiki ya vankomaisini au dawa ya kukojosha ya furosemaidi kwa wakati mmoja anaweza kuwahi. Kwa hiyo muulize daktari mambo matatu: majibu ya kuotesha mkojo yametoka, na kuna antibayotiki nyingine isiyoumiza figo inayomuua mdudu huyo? Kiwango cha gentamisini kwenye damu kabla ya dozi inayofuata ni kiasi gani? Kwa dozi moja kwa siku, kinatakiwa kiwe chini ya 1 mg kwa lita. Na magnesiamu na potasiamu zimepimwa? Dawa hii huzivujisha zote mbili kwenye mkojo. Kama mama amelalamika masikio kulia au kizunguzungu akigeuza kichwa, semeni hilo pia. Seli za mirija ya figo huota upya, mara nyingi ndani ya wiki tatu hivi dawa ikisimamishwa mapema. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Sasa panya wa kaka yako. Hakusoma uongo. Gentamisini ikishachujwa, sehemu yake hunyakuliwa na seli za mwanzo wa mrija wa figo kupitia kipokezi kiitwacho megalini. Ndani ya seli inarundikana kwenye vifuko vya lisosomu hadi vinavuja, inafika kwenye mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na mitokondria iliyovurugwa inaanza kutoa radikali huru, yaani molekuli za oksijeni zenye hasira zinazounguza mafuta ya kuta za seli. Antioksidanti huzizima hizo. Katika panya unaona waziwazi: malondialdehaidi, ambayo ni mabaki ya mafuta yaliyounguzwa, inashuka, glutathioni, ambayo ni antioksidanti ya seli yenyewe, inapanda.

Lakini tazama panya hao walivyotendewa. Kwa kawaida huchomwa gentamisini 80 hadi 100 mg kwa kilo kila siku kwa wiki moja hivi. Ukibadilisha dozi ya panya kuwa ya binadamu kwa kugawanya kwa 6.2, miligramu 100 zinakuwa kama 16 kwa kilo, wakati mgonjwa hupewa 5 hadi 7. Panya ni wachanga, wazima, hawana maambukizi wala dawa nyingine, na mara nyingi antioksidanti hutangulia sumu. Mama ana miaka 68, ana bakteria, yuko siku ya nne, na jeraha limeshaanza. Hakuna vidonge vya vitamini C na E vilivyothibitishwa kumkinga mgonjwa wa namna hii, na hakuna mwongozo wa tiba unaovipendekeza.

Kuna kinga iliyothibitishwa, nayo inafanya kazi mapema zaidi kwenye mlolongo huo. Megalini hushiba. Ukimpa mgonjwa dozi yote kwa mara moja, mlango unajaa, nyingine inapita na mkojo, na seli zinapata saa nyingi za kupumzika hadi kesho. Ukiigawa mara tatu kwa siku, mlango unafanya kazi mchana kutwa na usiku kucha. Ndiyo sababu ya ile sindano moja kwa siku. Ongeza hapo kumjazia mgonjwa maji kabla ya kuanza, kupima kreatinini kila siku au angalau kila baada ya siku mbili, na kuiacha dawa mara tu isipohitajika.

SWALI: Habari za kazi. Natibiwa saratani kwa sisplatini, dripu ya pili ni wiki ijayo. Rafiki ananisisitiza ninywe vidonge vya manjano, seleniamu na vitamini E ili figo zisiharibike. Daktari wangu amekataa bila kueleza. Kwa nini?

Pole sana kwa ugonjwa, ndugu yetu. Daktari yuko sahihi, lakini ulistahili maelezo.

Sisplatini huua seli ya saratani kwa kushika DNA yake, na sehemu ya mauaji hayo hupitia radikali huru zile zile. Hakuna aliyeonyesha kwa uhakika kwamba kidonge cha antioksidanti kinaikinga figo peke yake na kuiacha saratani bila kinga. Kwa dawa yenye nafasi ya kukuponya, hiyo si kamari ya kucheza. Manjano ya vidonge ina shida yake nyingine: ikinywewa peke yake hufyonzwa kidogo sana, kwa hiyo watengenezaji wengi huongeza piperini ya pilipili manga, na piperini hupunguza kasi ya ini kuvunja dawa nyingine unazomeza.

Kuna dawa mbili za kukinga zilizopita majaribio ya binadamu, na zote ni za hospitali. Amifostini iliidhinishwa Marekani, ikapata kibali cha kupunguza madhara ya figo kwa wagonjwa wa saratani ya ovari iliyosambaa wanaorudia sisplatini. Hupewa kwenye mshipa kwa dakika 15, nusu saa kabla ya kemo, na inaweza kushusha presha ghafla, ndiyo maana matumizi yake yamebaki machache. Sodiamu thiosalfeti iliidhinishwa huko huko mwaka 2022, lakini kwa kulinda usikivu wa watoto wenye uvimbe usiosambaa. Angalia namna inavyopewa: saa 6 baada ya sisplatini kuisha. Muda huo umewekwa makusudi ili saratani ipate dozi yake kwanza. Kidonge cha asubuhi na jioni hakina ustaarabu huo.

Figo yako inalindwa na vitu vya kawaida kabisa. Dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kabla na baada ya dawa, ili mkojo utoke kwa wingi, kama ml 100 au zaidi kwa saa, na sisplatini isikae kwenye mirija. Ndani ya dripu hiyo, magnesiamu, kwa kawaida gramu 1 hadi 2 za magnesiamu salfeti, kwa sababu sisplatini huivujisha na upungufu wake unaongeza jeraha. Muulize muuguzi kama imewekwa. Ni swali la heshima na hatachukia.

Hatari kubwa kwako iko nyumbani, kuanzia siku ya pili hadi ya tano, pale kichefuchefu cha kuchelewa kinapokuja. Mtu anatapika, hanywi, figo inakauka huku dawa ingalimo. Meza dawa za kuzuia kutapika kwa saa zilizoandikwa hata kama unajisikia mzima. Ukishindwa kuweka maji tumboni kwa siku nzima, usingoje kliniki. Rudi ukawekewe dripu. Kichwa au mgongo ukiuma tumia parasetamoli kwa dozi uliyoelekezwa, usiguse ibuprofeni wala diklofenaki. Ila kabla ya kumeza parasetamoli pima joto kwanza, maana inaficha homa. Homa ya 38 baada ya kemo ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile.

SWALI: Mbona NAC inatumika kwa mtu aliyezidisha parasetamoli, halafu nasikia haifai kwa figo kabla ya picha ya CT yenye dawa? Si dawa moja?

Dawa ni moja, kazi ni mbili. Parasetamoli ikizidi, ini huigeuza kuwa sumu iitwayo NAPQI, na glutathioni ndiyo inayoikamata. Glutathioni ikiisha, seli za ini zinakufa. NAC ni malighafi ya glutathioni, kwa hiyo inaziba pengo lile lile lililotokea, na ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza inazuia karibu madhara yote makubwa ya ini. Ndiyo maana aliyezidisha parasetamoli apelekwe hospitali hata kama anacheka na kula.

Kwa dawa ya kung'arisha picha, matumaini yalianza mwaka 2000: utafiti wa wagonjwa 83 ulionyesha kwamba waliomeza NAC 600 mg mara mbili kwa siku waliumia figo mara chache mno, mmoja kati ya 41, ikilinganishwa na 9 kati ya 42. Hospitali nyingi zikaanza kuitoa. Kisha mwaka 2018 ukaja utafiti wa PRESERVE, wagonjwa 4,993 waliopigwa picha za mishipa, NAC 1,200 mg mara mbili kwa siku kwa siku 5. Haikuzuia kifo, wala dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), wala kreatinini kubaki juu. Na mwaka 2004 watafiti walikuwa wameshaona jambo la kutia wasiwasi: kwa watu wazima wasio na ugonjwa, NAC ilishusha kreatinini bila kugusa sistatini C, kipimo kingine cha figo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini onyo lilibaki pale pale, kwamba namba inaweza kupendeza bila figo kupona.

Kama uchujaji wako uko chini ya 30, sema kabla ya picha. Utawekewa maji ya chumvi kwa mshipa, dawa ya kung'arisha itapunguzwa, na metformini, dawa ya kisukari, kama unaitumia, itasimamishwa hadi kreatinini irudiwe baada ya saa 48.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71, nina presha. Nameza enalaprili na dawa ya kukojosha. Magoti yakiuma nameza diklofenaki, na kila mara naiambatanisha na vitamini C ili figo zisiumie. Nafanya vyema?

Shikamoo mzee wetu. Hapana, na tunaomba uliache hili mapema.

Diklofenaki haiumizi figo kwa kuiunguza na oksijeni, angalau si hapo mwanzo. Inaikatia damu. Chujio la figo lina mshipa wa kuingia na mshipa wa kutoka. Ule wa kuingia hubaki wazi kwa msaada wa prostaglandini, na diklofenaki inazima prostaglandini, mshipa unabana. Enalaprili inalegeza ule wa kutoka. Dawa ya kukojosha inapunguza maji kwenye damu. Sasa damu inaingia kidogo, inatoka kwa urahisi, na iliyopo yenyewe ni pungufu, kwa hiyo shinikizo la kuchuja linaanguka. Vitamini C haina pa kushika katika habari hii. Ukipata kuhara au kutapika siku hizo, figo inaweza kusimama ndani ya siku chache.

Usiache dawa za presha kwa barua hii. Acha diklofenaki. Kwa magoti, anza na parasetamoli, isizidi gramu 3 kwa siku kwa umri wako, au jeli ya kupaka ambayo huingia kwenye damu kidogo sana. Iulizie kwa daktari wako. Omba upimwe kreatinini na potasiamu wiki hii. Na uliza mapema: nikiharisha siku nzima, kipi kati ya vidonge hivi nisimamishe, na nikirudie lini? Wengi hushauriwa kusimamisha enalaprili na dawa ya kukojosha hadi wale na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Jibu hilo liandikwe kwenye karatasi, likae pamoja na dawa.

SWALI: Natumia kidonge kimoja cha VVU chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kreatinini imepanda kidogo tangu nianze, 0.8 hadi 0.95. Nimeongeza multivitamini ya antioksidanti yenye zinki, magnesiamu na vitamini C 1,000 mg. Nimefanya sawa?

Kupanda huko kudogo kunaweza kusiwe jeraha kabisa. Dolutegraviri huziba mlango mmoja ambao figo hutumia kutoa kreatinini, kwa hiyo namba hupanda kidogo ndani ya wiki nne za kwanza kisha hutulia, huku uchujaji haujabadilika. Ikiendelea kupanda baada ya hapo, mtuhumiwa ni tenofoviri, ambayo hudhuru mitokondria za seli za mirija. Dalili yake ya mapema ni sukari kwenye mkojo wakati sukari ya damu ni ya kawaida, pamoja na protini, na fosfeti kushuka kwenye damu.

Hapo ndipo multivitamini yako inapoleta shida. Vitamini C nyingi kwenye mkojo huharibu majibu ya kijiti cha kupimia: inaweza kuonyesha hakuna sukari wala damu wakati zipo. Yaani inafunika ile dalili hasa tunayoitafuta. Iache siku mbili tatu kabla ya kupima mkojo, na mwambie mpimaji kwamba ulikuwa unaitumia.

Shida ya pili ni zinki na magnesiamu. Hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isifyonzwe, na hapo kirusi ndicho kinachofaidi. Meza kidonge cha ARV saa 2 kabla ya multivitamini, au saa 6 baada yake. Kama huna upungufu uliopimwa, afadhali uiache kabisa. Tenofoviri haijathibitishwa kukingwa na antioksidanti yoyote. Uchujaji ukishuka chini ya 50, muulize daktari kuhusu kubadilisha aina ya tenofoviri au dawa nyingine. Usiruke dozi kwa kuhofia figo.

SWALI: Basi vitamini C kiasi gani ni salama? Nameza 1,000 mg mara tatu kwa siku.

Punguza leo. Mahitaji ya mtu mzima ni 75 mg kwa mwanamke na 90 mg kwa mwanamume kwa siku, na kikomo cha juu ni 2,000 mg. Wewe uko 3,000. Ukimeza zaidi ya gramu moja, mwili unafyonza chini ya nusu. Ile inayoingia, sehemu yake hugeuka oksaleti, inatoka na mkojo, na ikikutana na kalsiamu inatengeneza fuwele. Utafiti wa wanaume wa Uswidi uliochapishwa 2013 ulikuta waliotumia vidonge vya vitamini C walipata mawe ya figo karibu mara mbili ya wasiotumia. Kwa mwenye figo dhaifu hali ni mbaya zaidi, maana oksaleti haitoki; inatuama ndani ya figo yenyewe na inaweza kuipeleka kwenye dayalisisi. Mwenye uchujaji chini ya 30, aliyewahi kutoa jiwe, au aliyekatwa utumbo, asitumie dozi kubwa kabisa isipokuwa daktari wake wa figo ameandika.

Ukiwa tayari na maumivu ya ubavuni yanayoshuka kuelekea kinenani, au mkojo wenye damu, usingoje toleo lijalo. Nenda ukapimwe kreatinini na ultrasaundi, na ubebe chupa ya vidonge hivyo mkononi.